Karatasi zote zilikuwa halali: kiwanja cha Matugga na nyumba ya Bombo

Kisa hiki kimeundwa kwa kuunganisha mbinu zinazojirudia katika biashara ya ardhi kandokando ya Kampala. Watu wake si watu halisi, na bei na ada zake ni za mfano, zimewekwa ili hesabu ionekane. Sheria zinazotajwa ndizo zinazotumika Uganda. Tumechagua kwa makusudi kisa kisicho na hati ya kughushi hata moja. Watu wengi wakisikia utapeli wa ardhi huwaza kyapa (hati ya umiliki wa ardhi) bandia, na wakishaambiwa kyapa ni safi hulegea. Hapa kyapa kilikuwa safi, wakili alikuwa wakili kweli, mthamini alikuwa na namba ya usajili, mkopeshaji alikuwa na leseni, na bado familia iliponea chupuchupu kupoteza nyumba.

Mnunuzi ni sajini mstaafu wa jeshi anayeishi Bombo na mkewe, ambaye ana duka dogo la rejareja. Nyumbani huzungumza Kiswahili na Kinubi. Mzee anasoma Kiingereza kwa kubahatisha. Mama hakisomi kabisa. Walikuwa na akiba ya shilingi milioni 48 kutokana na kiinua mgongo. Walitaka kununua kiwanja chenye mizigo, yaani vyumba vya kupangisha kimojakimoja, ili kodi iwe nyongeza ya pensheni.

Dalali aliwapeleka Matugga, kando ya barabara ya Gulu. Kiwanja cha futi 100 kwa 100, kama desimali 23 (desimali mia moja ni ekari moja), ardhi ya mailo, yaani ya mfumo wa umiliki wa Buganda, kuna mizigo sita iliyofika usawa wa linta. Bei aliyotaja ni milioni 90. Walipoguna kwamba pesa haifiki, alikuwa na jibu tayari: "Afande, usihangaike, nina kijana wangu kwenye mikopo." Mpango ulioandikwa nyuma ya bahasha siku hiyo ulikuwa rahisi: akiba milioni 48 na mkopo milioni 50, jumla 98, toa 90 za kiwanja, zinabaki 8 za kuezeka na kutia milango. Mizigo ikikamilika, kodi italipa mkopo. Dhamana itakuwa nyumba ya Bombo, kwa kuwa kyapa cha Matugga kingechukua muda kuhamishwa jina.

Cha juu

Mwenye ardhi alitaka milioni 62. Milioni 28 zilizozidi ni kile ambacho kila mtu mjini anakijua kwa jina la cha juu. Madalali wengi wanakiona ni haki yao, "muuzaji kapata alichotaka, wewe je?" Lakini dalali huyu alimtoza mnunuzi kamisheni ya asilimia 5 pia, milioni 4.5, kwa kazi ya kumtafutia bei nzuri. Huwezi kupokea malipo ya kumtetea mtu huku faida yako inakua kila anapozidi kuumia. Ukijumlisha, upande wa dalali ulibeba milioni 32.5 juu ya ardhi iliyouzwa 62, zaidi ya nusu ya alichopata mwenye mali.

Namna ilivyofichwa ndiyo ya kuangalia. Muuzaji alitia saini fomu ya kuhamisha umiliki ikiwa na nafasi mbili wazi: jina la mnunuzi na bei. Hakuwahi kukaa meza moja na mnunuzi. Aliambiwa mnunuzi yuko safarini. Mnunuzi akaambiwa mzee mwenye ardhi ni mgonjwa, hapendi kusumbuliwa. Pesa zote zililipwa kwenye akaunti ya kampuni ya dalali. Popote dalali anapowazuia muuzaji na mnunuzi wasionane, chukulia kwamba kuna bei mbili. Dawa yake ni nafuu mno: mtafute mwenye jina lililo kwenye kyapa, nenda kwake bila dalali, muulize anauza kiasi gani na anataka alipwe kwenye akaunti ipi.

Ikaja mikataba miwili. Ushuru wa stempu wa kuhamisha ardhi ni asilimia 1.5 ya thamani, kwa hiyo milioni 90 ingedai 1,350,000. Hakuna aliyekuwa ameitaja gharama hiyo mapema. Dalali akashauri uandikwe mkataba wa pili, "wa Serikali", wenye bei ya milioni 35, ushuru ushuke hadi 525,000. Mzee aliona ameokoa 825,000. Lakini kuna mitego miwili. Kwanza, Mthamini Mkuu wa Serikali halazimiki kuikubali bei ya kwenye mkataba; anaweza kuweka yake. Pili, siku ya kudai pesa mahakamani, hati isiyolipiwa ushuru haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe, na ile iliyolipiwa inasema 35. Mnunuzi amejifunga mdomo kwa saini yake mwenyewe. Dalali anayekushauri kudanganya bei anajua vizuri kwamba baadaye utaona haya kumshtaki.

Uganda ina chama cha mawakala wa ardhi na nyumba, AREA, lakini kujiunga ni hiari. Sheria ya kuzuia utakatishaji fedha ya 2013 inawahesabu mawakala wa ardhi miongoni mwa wanaopaswa kujisajili kwa Mamlaka ya Ujasusi wa Fedha na kutunza kumbukumbu za wateja. Dalali wa simu moja na bango la ubao njiapanda hafikirii hayo hata kidogo.

Jajja wa nyuma ya migomba

Sachi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, ilifanywa kwenye ofisi ya ardhi ya Wakiso, ikarudi safi: jina la muuzaji, hakuna rehani, hakuna kaveti (zuio la mwenye madai). Yote kweli. Lakini kwenye mailo, rejista inamwonyesha mwenye kyapa tu. Mwenye kibanja, yaani mkaaji mwenye haki ya kuishi na kulima kwenye ardhi yenye kyapa cha mtu mwingine, haonekani humo. Sheria ya Ardhi inamlinda aliyekaa na kuitumia ardhi bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba kuanza kutumika tarehe 8 Oktoba 1995, na inawalinda waliorithi kwake. Mwenye kyapa akibadilika, haki ya mwenye kibanja inabaki palepale. Zaidi ya hayo, mwenye ardhi akitaka kuuza anapaswa kwanza kumpa nafasi mwenye kibanja anunue.

Nyuma ya mizigo ile palikuwa na shamba la migomba, na nyuma ya migomba nyumba ya bati ya ajuza mmoja, jajja (bibi) kwa lugha ya huko, makaburi mawili ya saruji na jiko la nje. Kama desimali 8 kati ya 23. Dalali aliwapeleka wanunuzi mara mbili, zote jioni, akawasimamisha upande wa barabara. Migomba aliieleza kwamba ni "ya jirani".

Wakaja kujua siku fundi alipoanza kuchimba shimo la choo. Jajja alitoka na kisanduku cha bati, akakifungua juu ya magoti, akatoa stakabadhi za busuulu, kodi ambayo mwenye kibanja humlipa mwenye kyapa, zilizofungwa kwa uzi, za zamani zimegeuka rangi ya chai. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kwa nini mtu anachimba choo hatua tatu kutoka kaburi la mume wake. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alipoitwa alisema anamfahamu jajja tangu utoto wake. Siku ya mauzo mwenyekiti huyohuyo alikuwa amegonga muhuri wake kwenye mkataba na kupokea ada yake, na hakuna aliyemuuliza nani anakaa nyuma. Naye hakusema.

Mthamini ndiye aliyekuwa na wajibu wa wazi zaidi. Mkopeshaji alitaka ripoti ya kiwanja kinachonunuliwa pamoja na ya nyumba ya dhamana. Ripoti ya Matugga ilisema milioni 95 na kwamba kiwanja hakina mkaaji. Picha zilikuwa tatu, zote zimepigwa kutoka barabarani. Kwenye ya tatu, ukingo wa kulia, linaonekana jani la mgomba na moshi mwembamba unaopanda juu yake. Mtu alikuwa anapika pale wakati picha inapigwa. Mthamini alisimama karibu kiasi cha kusikia harufu ya moshi huo, akaandika hakuna mkaaji.

Mkopaji ndiye anayelipa ada ya uthamini, lakini mthamini anachaguliwa na mkopeshaji kutoka orodha yake, na ripoti inakwenda kwa afisa mikopo. Mara nyingi mkopaji haioni. Mthamini ambaye namba zake zinaua mikopo hujikuta hapigiwi simu tena. Ndiyo maana inafaa kuomba nakala ya ripoti kwa maandishi kabla ya kutia saini chochote, na kuisoma picha kwa picha.

Mahakama ya Rufaa ya Uganda iliwahi kusema ardhi si mboga za kununuliwa kwa muuzaji asiyejulikana. Mnunuzi anatarajiwa kuchunguza ardhi na muuzaji pia. Kwa hiyo kusema "sachi ilikuwa safi" hakumwokoi mtu ambaye hakuzunguka kiwanja. Zunguka mchana, bila dalali, pamoja na mpima ardhi anayefungua mipaka na jirani wa kila upande. Uliza nani anapokea busuulu hapa, na kutoka kwa nani.

Hesabu ya mkopo

Afisa mikopo alisema riba ni asilimia 1.8 kwa mwezi. Hakusema ya nini. Riba hiyo ilikuwa inahesabiwa juu ya milioni 50 zote tangu mwezi wa kwanza hadi wa 36, hata baada ya sehemu kubwa ya deni kulipwa. Kila mwezi: riba 900,000, mtaji 1,388,889, jumla 2,288,889. Kama asilimia 1.8 ingekuwa ya salio linalopungua, rejesho lingekuwa kama 1,899,000. Tofauti kwa miezi 36 ni takriban milioni 14. Ukiigeuza riba ile iwe ya salio linalopungua, unapata karibu asilimia 3 kwa mwezi. Maneno ni yaleyale, "moja pointi nane", na ndani yake kuna mikopo miwili tofauti. Swali la kuuliza ni moja: mwezi wa mwisho nitalipa riba kiasi gani? Kama ni sawa na ya mwezi wa kwanza, umeshajua.

Kisha makato ya kabla ya kupokea: ada ya maombi asilimia 2, milioni 1; bima 500,000; uthamini 600,000; wakili wa rehani 750,000; ushuru wa stempu wa rehani, wakati huo asilimia 0.5, yaani 250,000. Jumla milioni 3.1. Zilizotoka ni milioni 46.9, huku riba inatozwa juu ya 50. Ongeza kamisheni ya dalali, 4.5, unapata 7.6. Zile milioni 8 za kuezeka zikabaki laki nne. Mizigo haikushindwa kukamilika kwa bahati mbaya. Siku ya kutia saini, pesa ya kuikamilisha ilikuwa imeshaliwa, na watu wawili waliokuwa mezani, dalali na afisa, walikuwa wanajua.

Fomu ya mapato ndiyo inayotia uchungu zaidi. Pensheni 700,000, ni kweli. Duka liliandikwa 1,800,000. Kwa kawaida linaacha kama 600,000. Kodi ya mizigo iliandikwa 1,500,000, vyumba sita kwa 250,000, wakati vyumba havikuwa na paa. Kwenye karatasi familia inaingiza milioni 4 na rejesho ni asilimia 57 ya mapato. Katika maisha yao inaingiza 1,300,000 na inadaiwa 2,288,889. Afisa aliijaza kwa mkono wake, akamwambia mzee aweke saini chini. Analipwa motisha kwa idadi ya mikopo inayotoka, na siku mbili baada ya malipo, milioni 4 zilitoka kwa dalali zikaingia kwake.

Miongozo ya Benki Kuu ya Uganda ya 2011 ya kulinda wateja wa huduma za fedha inawataka wanaosimamiwa nayo waeleze gharama zote kwa uwazi na kwa lugha ambayo mteja anaielewa, na wawe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Taasisi zisizopokea amana na wakopeshaji wa fedha wako chini ya UMRA, mamlaka ya kusimamia taasisi ndogo za fedha, kwa sheria ya 2016. Kabla ya kulalamika, jua mkopeshaji wako yuko upande upi, la sivyo barua itazunguka bure.

Saini ya mama

Nyumba ya Bombo ni ya familia, na Sheria ya Rehani ya 2009 haikubali nyumba ya wanandoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mkopeshaji anatakiwa ajiridhishe kwamba mwenzi ameelezwa masharti na amepata ushauri huru. Katika kisa hiki wakili mmoja, aliyeletwa na dalali, aliandika mkataba wa mauzo, akaandika hati ya rehani, na ndiye aliyethibitisha kwamba mama amepewa ushauri huru. Uhuru kutoka kwa nani? Kazi yote ilichukua mchana mmoja. Mama aliambiwa kwa Kiswahili na kijana wa ofisi: "Mama, hii ni ya kuonyesha tu kwamba unajua mzee anakopa." Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kumi na nne.

Hapo ndipo kuna sheria ambayo wasemaji wa Kiswahili wa Uganda wanapaswa kuijua kuliko nyingine zote kwenye kisa hiki, nayo ni Sheria ya Kuwalinda Wasiojua Kusoma. Kwa sheria hiyo, asiyejua kusoma ni yeyote asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha ya hati husika. Mama anasoma Kiswahili vizuri. Kwa hati ya Kiingereza, sheria inamhesabu ndani ya ulinzi. Aliyeandika hati anapaswa kuweka jina na anwani yake na kuthibitisha humohumo kwamba hati ilisomwa na kuelezwa kwa mhusika. Ukurasa wa ridhaa ya mama haukuwa na thibitisho hilo. Mahakama za Uganda zimezikataa hati kwa pengo la namna hii.

Mnada ulipokaribia

Walilipa marejesho manne, kwa kumaliza bidhaa za duka. La tano likashindikana. Sheria inataka mkopaji aliyeshindwa apewe kwanza notisi ya siku 45 za kazi kurekebisha. Baada yake ndipo notisi ya kuuza ya siku 21 za kazi. Kabla ya kuuza lazima uthamini mpya, usiozidi miezi sita. Ukisubiri mpaka tangazo la mnada, kanuni za rehani za 2012 zinaruhusu mahakama kusimamisha mauzo kwa amana ya asilimia 30 ya thamani ya mauzo ya haraka au ya deni. Nyumba ya Bombo ilithaminiwa milioni 77 kwa mauzo ya haraka. Asilimia 30 ni milioni 23.1. Anayeomba akiwa mwenzi wa mkopaji, mahakama inaamua kama atalipa amana hiyo. Zile siku 45 ndizo za kufanyia kazi, na wengi huzitumia kujificha simu.

Ndani ya siku hizo dalali alirudi, mpole, na "rafiki" wa kulipa deni lote. Alileta mkataba mfupi. Binti yao, wa darasa la tano la sekondari, aliusoma kwa sauti sebuleni, akafika kwenye neno moja, akarudia: uza. Ulikuwa mkataba wa kuuza nyumba, pamoja na fomu ya kuhamisha umiliki iliyo wazi. Hiyo ni njia ya kawaida ya baadhi ya wakopeshaji wa mitaani: mkopo unavalishwa nguo ya mauzo ili taratibu zote za rehani zirukwe. Mama aliikunja karatasi, akamrudishia dalali, akamwambia chai ipo lakini saini hakuna.

Walitafuta wakili wao wenyewe. Barua ya kwanza ilikwenda kwa mkopeshaji, ikitaja mambo matatu tu: ridhaa isiyo na thibitisho, wakili mmoja kwa pande zote, na fomu ya mapato yenye kodi ya vyumba visivyo na paa. Nakala Benki Kuu. Malalamiko mengine yalikwenda Baraza la Sheria juu ya wakili, na Bodi ya Usajili ya Wapima Ardhi juu ya mthamini, yakiambatana na picha ya tatu. Mkopeshaji, akiona rehani yake inaweza kubatilishwa, alikubali kuhesabu upya kwa salio linalopungua na kufuta faini. Baada ya marejesho manne salio lilikuwa kama 44,293,000. Kwa miezi mitano bila kulipa likafika kama 48,425,000.

Matugga waliuza. Jajja alipewa nafasi ya kwanza, hakuwa na pesa. Wakakubaliana apimiwe desimali zake 8, pamoja na makaburi, apate kyapa chake. Desimali 15 za mbele zilikwenda kwa milioni 52, mnunuzi akiwa ameonyeshwa kila kitu na ameketi na jajja. Deni likaisha na kyapa cha Bombo kikarudi. Kati ya akiba ya milioni 48, zilibaki kama tatu na nusu, kabla ya mpima na wakili kulipwa.

Dai lililobaki ni la milioni 28 za cha juu na 4.5 za kamisheni. Mkataba wa milioni 35 unalikwamisha, kama ilivyotarajiwa. Kinachoshikilia kesi ni barua ya ukurasa mmoja ambayo mkopeshaji aliitaka kwa utaratibu wake mwenyewe: maelekezo ya kupeleka milioni 46.9 moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni ya dalali, sehemu ya malipo ya kiwanja cha milioni 90. Imegongwa muhuri wa kupokelewa, na chini yake kuna saini ya afisa mikopo.